Uchachu wa supu ndio ramani ya Romania

Mwulize Mromania chakula cha kwao, naye hatakawia kukutajia vitatu: sarmale, mămăligă na mici. Sarmale ni nyama ya kusaga na mchele vilivyoviringishwa ndani ya jani la kabichi. Mămăligă ni ugali wa mahindi ya njano. Mici ni vipande vya nyama ya kusaga, vinene kuliko kidole gumba, vilivyochomwa juu ya makaa. Jibu ni la kweli, ila halikufikishi mbali, maana vyakula hivyo viko nchi nzima, na ndugu zake wako Serbia, Bulgaria hadi Uturuki. Ukitaka kujua mpishi ni mtu wa upande gani, muulize jambo dogo zaidi: supu yake anaitia nini hata iwe chachu?

Swali hilo lina uzito kwa sababu Waromania wana majina mawili ya supu. Supă ni ile isiyo chachu, mathalani ya kuku yenye tambi. Ciorbă lazima iwe chachu. Bila uchachu si ciorbă. Neno lenyewe walilichukua kwa Waturuki, na asili yake ni kwa Waajemi. Ni ndugu wa shurba inayopikwa Oman mwezi wa Ramadhani. Kwetu pwani uchachu tunaupata kwenye ukwaju, ndimu na embe mbichi. Kule mkwaju hauoti, na ndimu kwa karne nyingi ilikuwa bidhaa ya kuletwa kutoka mbali. Kwa hiyo kila upande ulitafuta uchachu kwenye ardhi yake, na hadi leo ladha hizo hazijafanana.

Pumba, siki na plamu mbichi

Tuanzie mashariki, Moldova. Hapa nasema jimbo la Romania, si nchi jirani yenye jina hilo hilo, ingawa zamani pande zote mbili zilikuwa chini ya mtawala mmoja. Uchachu wa Moldova ni borș, na borș hutengenezwa kwa pumba za ngano. Pumba huchanganywa na unga kidogo wa mahindi ndani ya chungu au mtungi wa kioo, humwagiwa maji ya moto, na yakibaki vuguvugu hutiwa huște, yaani masimbi yaliyohifadhiwa kutoka borș ya mara iliyopita. Wapo wanaoongeza kitawi cha mcheri. Chungu hukaa mahali penye joto siku mbili tatu, kisha maji huchujwa yakiwa ya manjano, yana ukungu, na uchachu wake ni wa upole. Aliyewahi kutengeneza togwa hatashangaa: ni kazi ile ile ya kuiachia nafaka ijichachushe, tofauti ni kwamba togwa ni kinywaji na borș kwanza kabisa ni kiungo.

Nyama na mboga zikishaiva, borș huchemshwa pembeni na kumiminwa sufuriani. Mwisho hutiwa leuștean, jani la jamii ya seleri lenye harufu kali sana. Anayelinusa mara ya kwanza aghalabu hudhani limezidi, na akishazoea huona supu bila jani hilo haijakamilika. Wamoldova wameiheshimu borș kiasi kwamba supu nzima wanaiita kwa jina hilo. Hapo ndipo mgeni huchanganyikiwa, kwani borș aliyoisikia kwa Waukraine ni nyekundu na ina kiazi-sukari, na hii ya Moldova si lazima iwe na hata kipande kimoja.

Kusini, katika nchi tambarare ya Muntenia na Oltenia, borș ipo pia, lakini inagawana jiko na vitu vingine. Majira ya kuchipua watu huchuma corcodușe, plamu ndogo za kijani ambazo hazijaiva, na kuzichemsha ndani ya supu ya mwanakondoo. Zabibu mbichi hufanya kazi hiyo hiyo. Baridi ikiingia, pipa la kabichi lililokaa kwenye maji ya chumvi tangu vuli hutoa maji yake, na supu iliyotiwa maji hayo ina uchachu mzito usiofanana kabisa na ule wa plamu. Kwa maneno mengine, kusini hata mwezi wa mwaka unaweza kuusoma kwenye bakuli.

Vuka milima ya Karpati uingie Transilvania, na mambo yanageuka. Uchachu unatoka kwenye siki na smântână, yaani malai iliyochachushwa. Leuștean inampisha tarhon, jani jembamba lenye harufu inayokaribia anisi. Supu inafanywa nzito kwa rântaș, unga uliokaangwa kwenye mafuta, na neno hilo limetoka moja kwa moja kwa Wahungaria. Supu ya maharage na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, ikiwa na tarhon na vitunguu vyekundu pembeni, ndiyo supu ninayoweza kumwelekeza mtu anayetaka kuelewa Transilvania kwa mlo mmoja.

Kisha kuna Dobrogea, kati ya mto Danube na Bahari Nyeusi. Katika delta ya mto huo supu ni ya samaki, wa aina nyingi ndani ya chungu kimoja, na wavuvi wa zamani walishikilia kwamba lazima ipikwe kwa maji ya Danube yenyewe. Supu hunywewa peke yake. Samaki hutolewa na kuliwa kando pamoja na mămăligă na mujdei, mchuzi wa vitunguu saumu vilivyopondwa kwa chumvi.

Mipaka iliyopita jikoni

Tofauti hizi hazikuletwa na hali ya hewa peke yake. Romania tunayoiona leo kwenye ramani ni changa. Muntenia na Moldova ziliungana mwaka 1859. Dobrogea iliongezwa mwaka 1878, baada ya kutawaliwa na Milki ya Osmani kwa zaidi ya miaka 400. Transilvania, Banat ya magharibi na Bukovina ya kaskazini ziliingia mwaka 1918, Austria-Hungaria ilipovunjika. Kwa hiyo bibi mzaa bibi wa mpishi wa Cluj, mji wa Transilvania, na yule wa Bucharest waliishi chini ya dola tofauti, walilipa kodi kwa wakubwa tofauti, na sokoni walikutana na watu tofauti.

Kusini na mashariki walitazama Istanbul, mji mkuu wa Milki ya Osmani. Maneno ya mezani yanaonyesha hivyo, na msomaji wa Kiswahili ana bahati ya kuyatambua, kwa sababu maneno mengi ya njia hiyo ya Waajemi, Waarabu na Waturuki yalifika na kwetu kwa upepo wa bahari. Wao wanasema pilaf, sisi pilau. Wao halva, sisi haluwa. Wao chiftele, na kwetu kuna kofta. Wao cafea, sisi kahawa. Mara nyingine neno limebaki na kitu kimebadilika: sharubati yetu ni kinywaji, lakini șerbet ya Romania ni sukari nzito iliyopikwa na matunda au maua ya waridi, mtu huilamba kwenye kijiko na kushushia maji baridi.

Transilvania na Banat walitazama Budapest na Vienna. Wasaksoni, watu wenye asili ya Kijerumani, walikaribishwa Transilvania na wafalme wa Hungaria tangu karne ya 12, na wenzao waliingia Banat kwa wingi katika karne ya 18. Ndiyo maana huko kuna gulaș, papricaș, șnițel, na gomboți, matonge ya viazi yenye plamu nzima katikati, yaliyogaragazwa kwenye chenga za mkate zilizokaangwa. Tazama kiazi peke yake: Kiromania sanifu kinakiita cartof, neno la Kijerumani, Banat wanasema crumpi, nalo la Kijerumani lakini kutoka lahaja nyingine, Moldova utasikia barabule, Maramureș, kaskazini kabisa, wanasema picioici. Kila jina ni nyayo za watu waliokileta.

Mtego mkubwa zaidi ni neno tocană. Karibu nchi nzima tocană ni mchuzi mzito wa nyama na vitunguu. Maramureș, tocană ni ugali. Msafiri anayeagiza mchuzi akaletewa ugali na jibini hana wa kumlaumu.

Ugali wa watu wawili

Mămăligă inastahili kukaliwa muda mrefu, kwa sababu ndiyo inayotugusa zaidi na ndiyo yenye historia nzito zaidi.

Upishi wake hauhitaji maelezo marefu kwetu. Maji yenye chumvi huchemka ndani ya ceaun, chungu cha chuma chenye tako la mviringo. Unga humiminwa polepole. Kisha mtu husonga kwa mti uitwao făcăleț mpaka jasho limtoke. Ikiiva hupinduliwa juu ya ubao wa mbao ikasimama kama mwezi mpevu, na kwa desturi haikatwi kwa kisu bali kwa uzi, unaopitishwa chini na kuvutwa juu. Huliwa na jibini ya kondoo na smântână, au na samaki, au na sarmale. Wachungaji wa milima ya Apuseni wana balmoș, ambapo unga hausongwi kwa maji bali kwa malai na siagi. Wengine hufinyanga tonge, hulijaza jibini na kulichoma kwenye makaa, na kuliita bulz. Ni chakula cha mtu aliyeshinda kwenye baridi na kondoo wake, na sidhani kama kuna namna tamu zaidi ya kula unga wa mahindi.

Lakini mahindi si ya asili pale, kama ambavyo si ya asili kwetu. Yalitoka Amerika. Kabla yake Waromania walisonga mămăligă ya mei, nafaka ndogo inayofanana na uwele. Chakula kilikuwepo, nafaka ndiyo ilibadilika. Kuingia kwa mahindi Muntenia huhusishwa na utawala wa Șerban Cantacuzino, kati ya 1678 na 1688, na katika karne iliyofuata yalienea kote. Sababu mojawapo ni mavuno yake makubwa. Sababu nyingine ni ya kisiasa: Istanbul ilidai kutoka nchi hizi ngano, kondoo na siagi, na mahindi haikuyatamani. Mkulima alipanda kile ambacho hakikuchukuliwa.

Uamuzi huo wa busara ulikuja kuwa na gharama. Wenyeji wa Amerika waliyapika mahindi kwa majivu au chokaa, jambo linalofungua niasini, vitamini ambayo bila hivyo mwili hauipati vizuri. Mahindi yalipovuka bahari, ujuzi huo haukuvuka nayo. Mkulima wa Romania mwenye jibini, mayai na nyama hakudhurika. Yule aliyebaki na mămăligă tupu mwezi baada ya mwezi alipata pelagra: ngozi kubabuka, tumbo kuharisha, mwisho akili kuvurugika. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 Romania ilikuwa miongoni mwa nchi za Ulaya zilizoumizwa sana na maradhi hayo. Na hiyo ilikuwa nchi iliyokuwa ikiuza ngano nyingi nje. Ngano ya mwenye shamba ilipakiwa melini kwenye Danube, na aliyeilima alirudi nyumbani kusonga ugali. Mwaka 1907 wakulima waliasi, na jeshi likawaua maelfu.

Kwa hiyo mtu anapoisifu mămăligă kama chakula cha asili, asisahau kwamba kwa wengi haikuwa chaguo. Waromania wenyewe walikuwa na msemo wa kujisikitikia, „mămăliga nu explodează”, yaani ugali haulipuki: watu wanaokula ugali hawainuki dhidi ya wakubwa wao. Desemba 1989, mtawala wa kikomunisti Nicolae Ceaușescu alipoangushwa, msemo huo uligeuka, na watu wakasema safari hii ugali umelipuka.

Kalenda ndiyo mpishi mkuu

Mbali na mahali, kuna wakati. Waromania wengi ni Waorthodoksi, na mfungo wao si wa kushinda njaa bali wa kuacha nyama, maziwa na mayai: Kwaresima nzima, wiki sita kabla ya Krismasi, vipindi vingine viwili vya kiangazi, na kwa wanaoshika sana, kila Jumatano na Ijumaa. Chakula hugawanywa mafungu mawili, cha mfungo (de post) na kisicho cha mfungo (de dulce). Hivyo upishi unaosifika kwa nguruwe umejaa pia vyakula visivyo na mnyama hata kidogo: sarmale za wali na uyoga, maharage yaliyopondwa na kumwagiwa vitunguu vya kukaanga, na zacuscă, bilinganya na pilipili tamu zilizochomwa kisha zikapikwa taratibu na vitunguu na nyanya na kufungwa kwenye mitungi kwa ajili ya baridi. Anayekwambia Romania ni nyama tu hajafika huko mwezi wa Machi.

Nguruwe naye ana siku yake, tarehe 20 Desemba, sikukuu ya Ignat. Huchinjwa, na siku hiyo hiyo waliosaidia hulishwa nyama iliyokaangwa papo hapo, pomana porcului, kama sadaka kwa ajili ya mnyama. Mengineyo hugeuzwa soseji, mafuta, nyama ya moshi na piftie, mchuzi wa miguu unaoganda kwa vitunguu saumu. Hakuna kinachotupwa. Upande wa Dobrogea, Waturuki na Watatari ambao ni Waislamu hawaigusi habari hii; kwao sifa ni ya kondoo, na ya șuberek, chapati nyembamba iliyokunjwa na nyama ndani na kukaangwa kwenye mafuta mengi.

Sarmale hupikwa pande zote, lakini hazilingani. Moldova huona fahari kuzifanya ndogo, na kiangazi huzifunga kwa majani ya mzabibu. Transilvania ni kubwa, na Cluj hawaviringishi kabisa: hupanga kabichi iliyokatwakatwa, nyama na wali tabaka kwa tabaka, wakaoka, na kuita varză à la Cluj. Jina sarma limetokana na neno la Kituruki lenye maana ya kuviringisha. Kabichi iliyochachuka ni ya watu wa nchi za baridi, na mahindi yanayosindikiza ni ya Amerika. Sahani moja, njia tatu.

„Asili” ina umri gani?

Hapa ndipo neno „asili” linahitaji uangalifu. Ciorbă rădăuțeană, supu nyeupe ya kuku yenye smântână, viini vya mayai na vitunguu saumu, inaonekana kwenye karibu kila orodha ya vyakula vya jadi. Imepewa jina la mji wa Rădăuți, Bukovina, na ni ya miaka ya 1970. Ilitungwa kwa mfano wa supu ya utumbo, ciorbă de burtă, kwa ajili ya wasioupenda utumbo. Salami ya Sibiu ilianza kutengenezwa Sinaia, kusini mwa milima, na Mwitalia aitwaye Filippo Dozzi. Jina la Sibiu, mji wa Transilvania, lilitokana na forodha, kwani mzigo uliokwenda Austria-Hungaria ulipita na kupigwa muhuri pale. Mpaka ulikufa mwaka 1918, jina limebaki.

Vitabu navyo havikuanza na mkulima. Mwaka 1841, mjini Iași, waandishi Mihail Kogălniceanu na Costache Negruzzi walichapisha mapishi 200, na sehemu kubwa yalifuata meza za Ulaya Magharibi. Kitabu kilichoingia nyumba nyingi zaidi kilikuja mwaka 1936, cha Sanda Marin, jina la kalamu, na ndicho kilichofundisha vizazi vya wanawake wa mjini kupika vyakula vya pande zote ndani ya jalada moja. Upishi wa taifa zima ulianza kuonekana hapo, kwenye karatasi.

Kisha ikaja miaka ya 1980. Ceaușescu aliazimia kulipa deni lote la nje, na chakula kikauzwa ng'ambo wakati wananchi wakipanga foleni. Mafuta, sukari, nyama, na mahali pengi hata mkate, vilitolewa kwa mgawo. Miguu ya nguruwe, iliyokuwa karibu ndiyo nyama pekee dukani, watu waliiita adidași, kwa jina la viatu. Shingo, mabawa na miguu ya kuku iliitwa tacâmuri, yaani vyombo vya mezani. Mapishi ya eneo yalinusurika kwa wenye ndugu kijijini: mfuko wa viazi, mtungi wa zacuscă, kipande cha nyama ya moshi kilichosafiri kwa treni. Ninaamini hiyo ndiyo sababu Waromania wengi wa mjini wakizungumzia chakula cha jadi hawataji mkahawa, wanamtaja bibi.

Baada ya kuingia Umoja wa Ulaya mwaka 2007, ulinzi wa majina ulianza. Magiun ya Topoloveni, plamu zilizopikwa kwa saa nyingi bila sukari hadi zikawa nyeusi, ilikuwa ya kwanza, mwaka 2011. Mici zilipata msukosuko: siri ya ulaini wake ni magadi ya soda yanayokandwa na nyama, vitunguu saumu na mchuzi wa mifupa, na mwaka 2013 zilipoenea habari kwamba kanuni za Ulaya zingeyakataza, nchi nzima ilipaza sauti. Magadi yakaruhusiwa.

Tarehe 9 Machi Kanisa huwakumbuka wafia dini 40 wa Sebaste, na nyumba nyingi hutengeneza mucenici, unga uliofinyangwa umbo la nane. Moldova, mucenici ni mkate mkubwa laini uliookwa, ukapakwa asali na kunyunyiziwa walnati. Muntenia ni vidude vidogo kama kucha, vilivyochemshwa kwenye maji ya sukari yenye mdalasini na walnati, na huliwa kwa kijiko kwenye bakuli. Bucharest, ambako watu wa pande zote wamehamia, siku hiyo maduka ya mikate huuza ya kuokwa, na majumbani vyungu vinachemka.